A.P. Bio, Mind Your Language au Bad Teacher: ticha yupi wa kumaliza nae wikiendi?

Mdogo wangu kanitumia meseji Ijumaa jioni, ana bando la wikiendi na hana pa kwenda, anataka komedi moja fupi aimalize, isiwe yale masiriz ya misimu kumi na mbili ambayo ukifika wa saba hujui tena nani kazaa na nani. Nikamuuliza ya aina gani, akasema yoyote ile ya shule, ya ticha mtukutu. Hapo kanipata. Ticha mtukutu wa kwenye TV ni ugonjwa wangu wa siku nyingi, na nimegundua hizi siriz karibu zote hazikai hewani muda mrefu, sijui ni vile watu shule waliichoka wakiwa watoto au ni vile mwandishi akishamaliza utani wa siku ya kwanza darasani anabaki anatafuta chaki.

Nimemuwekea tatu mezani: A.P. Bio ya Marekani (2018 mpaka 2021), Bad Teacher ya Marekani pia (2014, na hiyo 2014 ndo yote), na Mind Your Language ya Uingereza ambayo nadhani nusu yenu mmeiona bila hata kuitafuta, hasa ndugu zetu wa Kenya, maana KBC, TV ya taifa ya kwao, waliirusha mpaka watu wakawajua wale wanafunzi kama wanavyowajua wajomba zao. Dada yetu mkubwa anafundisha baiolojia sekondari kwaiyo baadhi ya hukumu humu ni zake, aliangalia na mimi kochini huku anasahihisha madaftari.

Tumalize habari ya urefu kwanza maana ndo alichouliza. Bad Teacher ina epsodi 13. Za dakika ishirini na kidogo kila moja, yaani haifiki hata saa tano, Jumamosi moja umemaliza na chakula cha jioni umewahi. A.P. Bio ina 42, kama saa kumi na tano ivi. Mind Your Language nayo ina 42, zimegongana tu, na ukiangalia historia zake utacheka maana zote mbili ziliuawa zikafufuka. Mind Your Language ilianza Desemba 1977, ikapiga misimu mitatu yenye epsodi 29, 1979 ikapigwa chini, alafu 1986 ikarudishwa na epsodi 13 nyingine. A.P. Bio ilianza NBC, kituo cha TV cha Marekani, Februari 2018, misimu miwili ya 13 kumi na tatu, Mei 2019 wakaikata, mashabiki wakapiga kelele mitandaoni, Julai mwaka huo huo Peacock, huduma ya mtandaoni ya hao hao NBC, wakaiokota na kuipa misimu miwili ya epsodi nane nane, Desemba 2021 ikakatwa tena na safari hii wakafukia kabisa.

Bad Teacher hakuna aliyeifufua. Ilianza CBS, kituo kingine cha TV cha Marekani, Aprili 24, 2014 na Mei 10 ikapigwa chini, zikiwa zimeshaoneshwa epsodi tatu. Tatu! Hata mwalimu wa kujitolea hafukuzwi haraka ivo. Zilizobaki walizirusha tu mpaka Julai, kama mtu anamalizia kiporo ili sufuria ioshwe.

Sasa maticha wenyewe.

Wa A.P. Bio anaitwa Jack Griffin, kaigiza Glenn Howerton. Huyu bwana alikuwa msomi wa falsafa Harvard, akaikosa kazi ya ndoto zake Stanford, na aliyeipata ni hasimu wake anayeitwa Miles, basi bwana Jack akarudi kwao Toledo, Ohio, akaingia kwenye nyumba ya mama yake marehemu na akachukua kazi ya kufundisha baiolojia kwenye shule ya sekondari ya Whitlock. Na si baiolojia ya kawaida, ni ile wanayoiita A.P., ya kiwango cha chuo, ambayo wanapewa watoto wenye vichwa wakiwa bado sekondari, yaani darasa zima ni wale wanaokaa mbele na kuuliza "mwalimu hujakusanya homuweki". Anaingia siku ya kwanza na suruali ya mazoezi, anawaambia hapa baiolojia hakuna, wote watapata A mradi wafunge midomo, na kazi yao mwaka huu ni kumsaidia kumharibia Miles maisha. Alafu anaongeza kitu ambacho kilimfanya dada aweke kalamu chini: msije mkadhani mwisho wa mwaka mtagundua kumbe nilikuwa nawafundisha kimya kimya. Maana si mnajua hizi hadithi zote za ticha wa ajabu zinavyoishaga, anaanza mkorofi, mwisho watoto wanalia wanampa maua. Hii siriz inaufunga ule mlango dakika kumi za mwanzo kabisa.

Dada akauliza swali moja tu: "Na andalio la somo anaandikaga saa ngapi?" Haandikagi dada. Azimio la kazi hana. "Na mkuu wake anamuangalia tu?" Ndio. Akarudi kwenye madaftari yake akiwa kama kaumia, ila nilimuona anachungulia.

Wa Bad Teacher ni Meredith Davis, kaigiza Ari Graynor, na hii ilitokana na ile filamu ya 2011 ya Cameron Diaz. Meredith aliolewa na tajiri, akaachwa, na kwa mkataba waliosaini kabla ya ndoa akatoka mikono mitupu, sasa anaona njia ya kurudi mjini ni kujifanya mwalimu kwenye shule inayosoma watoto wa wenye nazo ili ampate baba mmoja aliyeachika mwenye mkwanja. Kwa Kiswahili cha sasa ivi tunasema kaja shuleni kudanga, na nikimsimulia mtu ivo anacheka kuliko siriz yenyewe inavyochekesha, na hilo ndo tatizo lake. Shule inaitwa Richard Nixon, jina la rais aliyejiuzulu kwa kashfa, na kusema kweli huo ni moja ya utani wao mzuri zaidi.

Wa Mind Your Language, mzee wetu Jeremy Brown, kaigiza Barry Evans, yeye si mtukutu hata kidogo. Mpole, anavaa vizuri, kasoma Oxford. Kachukua kazi ya kufundisha Kiingereza watu wazima wageni London, masomo ya jioni, na mwalimu aliyemtangulia alirukwa na akili kwa sababu ya darasa hilo hilo. Kwaiyo huku utukutu umehamia kwenye madawati. Nimeiweka kwenye orodha makusudi, mtu akisema anataka ticha mtukutu mara nyingi anachotaka ni darasa lililoshindikana, na hapo hakuna darasa duniani linalolifikia lile.

Na hili ndo nililomwambia mdogo wangu kwenye voisi ya dakika sita ambayo hakuisikiliza: usichague kwa kumuangalia ticha, angalia waliokaa mbele yake. Ticha mtukutu ana utani mmoja tu, kwamba hafundishi. Ukishacheka mara tatu umemaliza. Kinachobaki ni watoto wanamjibu nini.

Jaribu kwa Bad Teacher. Baada ya epsodi nne funga macho unitajie wanafunzi. Mimi nilimkumbuka Lily, basi, wengine wapo kama viti. Waandishi wote wanamkimbiza Meredith na mabwana na ofisi ya walimu, na pale ofisini kuna watu wazuri tu, David Alan Grier ni mkuu wa shule, Kristin Davis ni mwalimu msafi anayejipendekeza, Sara Gilbert ni Irene yule anayemuabudu Meredith bila malipo, waigizaji wakali kabisa ila wanazunguka kwenye hadithi ya mwanamke anayetafuta bwana, shule imebaki pazia. Ungeihamishia hospitali au benki isingebadilika kitu.

A.P. Bio wao walifanya kinyume. Mwanzo hata mimi nilidhani wale watoto ni kundi tu, wapo kama ishirini, ila wanavyozidi kwenda kila mmoja anapata ukichaa wake. Sarika ndo mnoko wa darasa, anataka afundishwe kweli na anamkodolea Jack macho kama mdhibiti ubora aliyekuja bila taarifa. Heather mdogo wa umbo miwani mikubwa, sura ya malaika, alafu ndani kuna kitu cha kutisha. Victor anampenda ticha wake kiasi ukimuangalia unaona aibu kwa niaba yake. Na kinachotokea ni kwamba Jack anawapa matatizo yake binafsi kama vile ni somo, leo tumkomeshe fulani, leo tutafute namna ya kutoka kwenye kikao, na hawa watoto kwa sababu ni wale wa kupata A hata kwenye ubaya wanafanya kwa bidii, wanakuja na mpango umepangwa, mpaka mtu mzima anaanza kuogopa alichokianzisha. Mimi nilisoma na watu wa namna hiyo. Mwalimu akisema kwa utani "anzisheni fujo" wao wanagawana zamu.

Mind Your Language hapa ni mwalimu wao wote. Ali Nadim wa Pakistani na Ranjeet Singh wa Kipunjabi wanagombana dini na siasa kila jioni. Giovanni Mtaliano na Max Mgiriki wanamgombania Danielle Mfaransa ambaye yeye anamtaka ticha. Juan Mhispania haelewi chochote na anakubali kila kitu kwa furaha. Chung Su-Lee ana kitabu chake cha mwenyekiti Mao, Anna Mjerumani mkali, Jamila anafuma sweta. Na Taro Mjapani, kila neno la Kiingereza anaweka "o" mwishoni. Siku moja tunamcheka Taro sebuleni, mama akasema taratibu, "Na sisi tunaosema benki na shati na kompyuta tunamcheka nini?" Tukanyamaza. Ila kweli, nadhani ndo maana ile siriz iliingia sana kwetu, kila mmoja wetu kashakaa kwenye lile dawati, umeambiwa ukiongea kilugha au Kiswahili unapigwa au unavishwa kibao shingoni, unaulizwa swali na Kiingereza chote kinakimbia kinabaki "yes sir". Waingereza walikuwa wanawacheka wageni, sisi tulikuwa tunawacheka wenzetu, na hiyo si kicheko kimoja.

Hapa lazima niseme upande wa pili maana nitaonekana nauza. Ile siriz inadhalilisha watu, na si kwa macho ya leo tu, Michael Grade aliyekuwa bosi wa vipindi pale LWT, kituo cha TV cha London kilichokuwa kinaitengeneza, aliikata 1979 kwa sababu hiyo hiyo wakati watu bado wanaiangalia kwa mamilioni. Kila mtu pale ni taifa lake na si zaidi, Mjerumani mkali, Mtaliano anapenda wanawake, Mhindi anaomba radhi mara elfu moja. Ukiangalia epsodi nne mfululizo utani unaanza kukwaruza. Ukiangalia moja moja, baada ya chakula, inapita. Na kuna kitu kimoja cha kuchekesha, Wahindi wenyewe walioneshwa pale vibaya waliichukua 1993 wakatengeneza ya kwao, Zabaan Sambhalke, Pankaj Kapur ndo ticha, ila huko kinachofundishwa ni Kihindi na Mwingereza naye yuko darasani anakosea. Sijui kwanini hatujapata ya kwetu ya namna hiyo, fikiria Mchina, Mkongo wa Bukavu, Mganda na mzungu wa NGO wamekaa darasa moja la Kiswahili Zanzibar na mwalimu wa Kiunguja anawaambia hicho mnachoongea si Kiswahili. Ngeli peke yake ni misimu mitatu.

Kitu kingine cha kupima, na mimi naona kinabeba nusu ya uzito, ni mkuu wa shule. Bi Courtenay wa Mind Your Language ni mkuu tunayemjua wote. Toka siku ya kwanza alitaka mwalimu mwanamke akaletewa Brown, kwaiyo anamtafutia kosa. Mtindo wake ni kuingia darasani bila kubisha, Brown kageukia ubao au anasema kitu asichopaswa kusema, darasa linanyamaza ghafla, wewe mtazamaji umeshamuona kasimama mlangoni na Brown bado hajamuona, anaendelea kuongea, anageuka, anaruka. Wamelifanya hilo sijui mara ngapi na kila mara nacheka, maana ule ukimya wa darasa naujua, ule ukimya ambao mwalimu wa zamu kashafika dirishani na wewe ndo unaigiza anavyotembea.

Durbin wa A.P. Bio, kaigiza Patton Oswalt, ni kinyume kabisa na pengine ni uvumbuzi mkubwa zaidi wa hawa watu. Yeye mkuu anataka ticha wake ampende. Anajua Jack hafundishi, au anajua nusu, ila kuwa na mtu wa Harvard shuleni kwake Toledo kunampa raha, na akiitwa rafiki siku yake imeisha vizuri. Kwaiyo mamlaka yote yako kwa asiyeyataka. Pembeni yake yuko sekretari wake Helen, Paula Pell, ambaye kuanzia msimu wa pili anakula siriz nzima, akiingia tu kwenye sini hujui anatoka na nini. Dada alisema huyo Helen yupo kwenye kila shule ya nchi hii, ndo anayejua funguo zote na umbea wote, na bila yeye mkuu hawezi hata kuandika barua ya kuomba chaki.

Mkuu wa Bad Teacher nimeshamtaja. Mpole, ameachika, Meredith anamzungusha. Imeisha hapo.

Najua kuna mtu atasema mbona sijaweka Bad Education, ile ya BBC ya Jack Whitehall kama Alfie Wickers, ticha wa historia asiyejua historia. Niliifikiria. Inachekesha, darasa lake liko vizuri, lakini mkuu na ticha wote wawili ni watoto kwaiyo hakuna wa kumkataza mwenzie, kelele zinakuwa nyingi, na matusi yake huwezi kuangalia hata na shemeji. Ukimaliza hizi tatu na bado una bando, sawa.

Basi kwa mdogo wangu: kama unaangalia peke yako na una siku mbili, A.P. Bio, wala usifikirie. Ila nakuonya, epsodi tatu nne za mwanzo zina kisasi kingi cha Miles na unaweza kuona hii siriz ina roho mbaya, vumilia, wenyewe waligundua hilo wakaipunguza, na msimu wa pili Jack kashapata mpenzi, Lynette wa mishahara, na watoto ndo wameshika usukani. Wanaongea haraka na utani mwingi ni wa Kimarekani kwaiyo washa maandishi ya chini.

Kama mzee na mama wapo sebuleni, Mind Your Language, Kiingereza chake ni cha taratibu na cha kueleweka, ndo kazi yake hiyo, na hao wazee wataanza kukusimulia walikuwa wanaiangalia kwa nani na TV ilikuwa ya nani mtaa mzima. Anza na 1977 usianze na zile 13 za 1986, Ali hayupo, aliyemuigiza Dino Shafeek alifariki 1984, na bila Ali Ranjeet hana wa kugombana nae. Kuna utani wa Danielle na sketi zake, hapo utajifanya unaangalia simu, wote tulifanya ivo.

Bad Teacher iangalie kama bando linaisha usiku na umebakiza saa tano tu. Au kama umeipenda sana ile filamu. Sikukatazi, Ari Graynor anajitahidi, unaona kabisa anabeba gogo peke yake, na ukifika epsodi ya tisa ya kumi inaanza kukaa vizuri, watu wameanza kuzoeana, shida hizo zinafika hewani siriz ilikuwa imeshakatwa.

Jibu la mdogo wangu lilikuja Jumapili usiku. Kaangalia A.P. Bio msimu mmoja na nusu, bando limekata Helen akiwa katikati ya sentensi, anaomba nimrushie MB 500. Dada kasema asipewe mpaka nae amalize kusahihisha, form three B bado wana madaftari arobaini.